Maswali ya Wasomaji: Kirusi cha korona hupata wapi sura mpya?

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuulize lolote kuhusu UVIKO-19. Barua nyingi ziligonga mlango mmoja: kirusi cha mwaka 2020 kimekuwaje Alfa, kikawa Delta, kikawa Omikroni, na sasa majina yake hata kutamkika ni shida? Tumechagua barua kumi. Katika majibu yetu, tukisema "badiliko" tunamaanisha herufi moja au chache za jinomu (maandishi yote ya urithi ya kirusi) zilizokosewa, kupotea au kuongezeka wakati wa kunakiliwa. Tukisema "chotara" tunamaanisha kirusi ambacho sehemu ya jinomu yake imetoka kwa mzazi mmoja na sehemu nyingine kwa mzazi wa pili.

Mwalimu wa bayolojia, Mombasa: *Vitabu vinasema virusi vya RNA hukosea ovyo vinapojinakili. Mahali pengine nimesoma kwamba korona ina msahihishaji wake. Lipi kweli? Na kuna hesabu ninayoweza kuwapa wanafunzi?*

Yote mawili ni kweli, Mwalimu. Jinomu ya kirusi hiki ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi 29,903, tukihesabu nakala ya Wuhan iliyotangazwa Januari 2020. Kwa virusi vya RNA huo ni uzi mrefu mno: VVU ina kama 9,700 na mafua ya aina A kama 13,500. Uzi wa urefu huo bila msahihishaji ungejaa makosa mpaka usifanye kazi. Kwa hiyo kimeng'enya kinachonakili, nsp12, hufuatwa na kingine, nsp14, ambacho hukata herufi iliyoingia vibaya ili iwekwe iliyo sahihi. Kosa linalomponyoka msahihishaji ni takriban moja kwa kila herufi milioni moja zinazonakiliwa.

Wape wanafunzi hesabu hii. Gawa 29,903 kwa 1,000,000: unapata 0.03. Yaani katika nakala 100, kama tatu hivi zina kosa jipya. Watasema ni kidogo. Sasa waambie kwamba mwili wa mgonjwa mmoja, ugonjwa ukiwa kileleni, unakadiriwa kubeba chembe za kirusi kati ya bilioni 1 na bilioni 100. Hata tukichukua bilioni moja tu, hayo ni makosa mapya milioni 30. Makosa yote ya herufi moja yanayowezekana kwenye jinomu nzima ni 29,903 mara tatu, hayafiki 90,000. Kwa maneno mengine, ndani ya mtu mmoja karibu kila kosa la herufi moja limeshajaribiwa, tena mara nyingi.

Hapo wanafunzi wakali watauliza: mbona basi kirusi hakigeuki kila siku? Jibu liko kwenye kuambukizwa. Katika mabilioni hayo, maambukizi ya mtu wa pili mara nyingi huanzishwa na chembe moja au chache tu. Makosa mengine yote huishia kwa yule wa kwanza. Ndiyo maana ukifuatilia ukoo mmoja wa kirusi kutoka mtu hadi mtu, unakuta herufi kama mbili tu zimebadilika kwa mwezi. Kosa kutokea na kosa kudumu ni mambo mawili, na wengi wanaoandika habari hizi huyachanganya.

Kuhusu maana ya kosa, tumia Kiswahili chenyewe. Jinomu husomwa herufi tatu tatu, na kila tatu huita asidi amino moja, yaani tofali moja la protini. Andika ubaoni: TAA SAA DUA PIA. Badilisha herufi moja, TAA iwe KAA: neno moja limegeuka, mengine yamebaki. Sasa futa A ya kwanza bila kuacha nafasi: TAS AAD UAP IA. Sentensi nzima imevurugika kuanzia pale. Futa tatu kwa pamoja, SAA yote: TAA DUA PIA, inasomeka. Ndiyo sababu pengo linalodumu kwenye jeni ya mwiba (protini ya nje ambayo kirusi hushikia seli) karibu siku zote huwa la herufi tatu, sita au tisa. Alfa ilipoteza herufi sita na hivyo asidi amino mbili, ya 69 na ya 70. Omikroni ya kwanza iliongeza herufi tisa karibu na nafasi ya 214.

Kwa badiliko la herufi moja, chukua N501Y, maarufu kuliko yote. Kwenye herufi ya 23,063, A ikawa U. AAU ikawa UAU, asparajini (N) ya nafasi ya 501 ikawa tairosini (Y), na mwiba ukashika mlango wa seli kwa nguvu zaidi. Herufi moja katika karibu 30,000.

Msomaji, Zanzibar: *Nasikia XBB ni chotara. Virusi havina mume wala mke, sasa chotara anazaliwaje?*

Yanatakiwa mambo matatu kwa pamoja: mtu aambukizwe aina mbili kwa wakati mmoja, aina zote mbili ziingie kwenye seli ileile, na kimeng'enya kinachonakili kihame kutoka uzi mmoja kwenda mwingine katikati ya kazi. Kinakuwa kimenakili, tuseme, herufi 20,000 za uzi wa kwanza, kinang'oka kikiwa bado kimeshika nakala yake, kinadandia uzi wa pili mahali palepale kwenye mpangilio, na kuendelea. Nakala inayotoka ni kama mkeka ulioshonwa kwa ukili wa wasukaji wawili. Mbali hauoni kitu. Ukiinama unaona rangi zimebadilika kwenye mshono.

Kwa korona, kudandia huku si ajali ya nadra. Ni sehemu ya kazi yake ya kila siku. Ili kutengeneza protini zake za mwisho wa uzi, mwiba ukiwamo, kirusi hiki hutoa nakala fupi fupi, na kila nakala fupi hupatikana kwa kimeng'enya kuruka kutoka eneo moja la uzi hadi kichwani mwa uzi huohuo, kikiongozwa na alama ya herufi sita, ACGAAC. Kimeng'enya kilichozoea kuruka ndani ya uzi mmoja kikikuta nyuzi mbili zinazofanana zimelala pamoja, kurukia wa pili ni jambo dogo.

Wazazi wa XBB wote wawili ni watoto wa Omikroni BA.2: mmoja BJ.1, mwingine BM.1.1.1. Mshono wake uko karibu na herufi ya 22,900, ndani kabisa ya sehemu ya mwiba inayoshika seli. Kwa hiyo XBB ilirithi nusu ya mwanzo ya sehemu hiyo, yenye mabadiliko ya kukwepa kingamwili, kutoka BJ.1, na nusu ya mwisho, yenye mabadiliko mengine ya kukwepa, kutoka BM.1.1.1. Kwa mabadiliko ya herufi moja moja, kila upande ungehitaji miezi kuyapata ya mwenzake. Kwa mshono mmoja yamekutana kwa siku moja. Ilionekana 2022, na Oktoba mwaka huo ilikuwa inaongoza wimbi la Singapore.

Kilichofuata ndicho kinachofundisha zaidi. Kwenye nafasi ya 486, kirusi cha awali kina UUU, fenilalanini. XBB ilipokea kutoka kwa BM.1.1.1 badiliko moja, UUU kuwa UCU, yaani serini. Serini inakwepa kingamwili lakini inalegeza mshiko wa mwiba kwenye seli: faida na hasara. Kisha mjukuu wake mmoja akakosea herufi ya kwanza ya tatu zilezile, UCU ikawa CCU, prolini. Mshiko ukarudi, kukwepa kukabaki. Huyo ni XBB.1.5, aliyetamba Marekani mwishoni mwa 2022. Ukitoka UUU huwezi kufika CCU bila kubadilisha herufi mbili, na hatua ya kati inaweza kuwa dhaifu, ndiyo maana hapakufikiwa mapema. Chotara alileta hatua ya kwanza, kosa la kawaida likamaliza ya pili.

Msomaji, Nakuru: *Hivi JN.1 imetoka wapi kwenye alfabeti? Na kwa nini herufi za Kigiriki ziliachwa?*

Herufi za Kigiriki hutolewa na Shirika la Afya Duniani kwa aina zenye athari kubwa tu. Utaratibu ulitangazwa 31 Mei 2021 na jina la mwisho kutolewa ni Omikroni, Novemba mwaka huohuo. Majina kama JN.1 ni ya mfumo wa Pango, ambao hufuata nasaba: kila nukta ni kizazi, na namba zikifika tatu, kizazi kinachofuata hupewa herufi mpya ili jina lisirefuke kama la mtu anayetaja mababu kumi. BA ni kifupi cha B.1.1.529. BA.2.86.1.1 ikafupishwa JN.1. Bila ufupisho ungeandika B.1.1.529.2.86.1.1. X imewekewa chotara: XA, XB, hadi XZ, kisha XAA na kuendelea. Ukiona X mwanzoni, uliza wazazi ni nani. Wa XFG, kwa mfano, ni LF.7 na LP.8.1.2.

Mwandishi wa habari, Kampala: *Kila aina mpya hutajwa kwa Uingereza, India au Afrika Kusini. Je, kwetu Afrika Mashariki hapakuzuka kitu?*

Palizuka, na Uganda ina mfano mzuri kuliko mingi inayotajwa. Ukoo wa A.23 ulionekana 2020 katika maambukizi ya magerezani Amuru na Kitgum, na mtoto wake, A.23.1, alikuwa ametawala Kampala kufikia Januari 2021. Waliousoma ni watafiti wa taasisi ya virusi ya Uganda pale Entebbe. Unatazamwaje? Angalia nafasi ya 681 ya mwiba, jirani na pale mwiba unapokatwa ili uwe tayari kuingia kwenye seli. A.23.1 ilibadilisha CCU kuwa CGU, prolini kuwa arjinini. Badiliko hilohilo, P681R, liko kwenye Delta. Delta haikulirithi kutoka Uganda. Ni koo mbili zisizo na mzazi mmoja wa karibu, kila moja ikikosea herufi ileile peke yake na kosa likalipa. Mwanasayansi akiona badiliko moja linazuka mara kadhaa sehemu zisizohusiana, hapo ndipo anaanza kulitilia maanani.

Mfano wa pili una upande mwingine. Februari 2021 wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa walipowasili Angola, wakakutwa na kirusi cha ukoo wa A chenye mabadiliko ya asidi amino zaidi ya 30, yakiwamo E484K na P681H, pamoja na mapengo matatu kwenye mwiba. Kwa karatasi kilionekana cha kutisha kuliko Alfa. Kikapewa jina A.VOI.V2, kikaandikwa sana, na hakikuenea. Wingi wa mabadiliko hautoshi. Lazima kirusi kiambukize vizuri kuliko kilichopo mtaani wakati huo, na wakati huo zilikuwapo Beta na, muda mfupi baadaye, Delta.

Somo la pili la A.VOI.V2 ni kwamba kiligunduliwa uwanja wa ndege wa nchi nyingine. Kwa pwani ya Kenya, sampuli zilikuwa zikisomwa Kilifi tangu 2020, ndiyo sababu tunajua ni koo zipi ziliingia na lini. Mahali pasiposomwa jinomu hapakosi aina mpya. Hukosa taarifa zake tu.

Msomaji, Dodoma: *Jirani yangu anasisitiza kwamba chanjo ndizo zilizozalisha hizi aina. Nimjibuje?*

Mjibu kwa kalenda. Alfa ilikuwa kwenye sampuli za Septemba 2020 kusini mashariki mwa Uingereza. Chanjo ya kwanza huko ilidungwa 8 Desemba. Beta ilitangazwa Afrika Kusini Desemba 2020. Chanjo zilianza Februari 2021. Delta ilikuwa India tangu mwishoni mwa 2020. Kampeni ilianza 16 Januari 2021. Mtoto hawezi kumtangulia mzazi.

Kuna nusu ya hoja yake iliyo na msingi, na usimnyime. Kinga, iwe ya chanjo au ya kuugua, huchuja. Watu wengi wakiwa na kingamwili za aina moja, kosa linalokwepa kingamwili hizo hupata nafasi ambayo lisingepata. XBB na JN.1 zilishinda kwa njia hiyo hasa. Lakini kuchuja si kuzalisha. Kosa lilikwishatokea lenyewe, na aliyeambukizwa muda mfupi zaidi, kwa virusi vichache zaidi, hutoa makosa machache zaidi.

Na kama jirani anatafuta kitu cha binadamu kilichoonekana wazi kuongeza makosa, basi ni dawa, si chanjo. Molnupiravir huua kwa kujifanya herufi: inaingia kwenye RNA na kusomwa mara kama C, mara kama U, mpaka nakala zijae makosa na kufa. Dozi ni miligramu 800 mara mbili kwa siku kwa siku tano. Virusi visipokufa vyote, vinavyobaki hutoka na alama inayotambulika, G nyingi zikiwa zimegeuka A. Utafiti uliochapishwa 2023 ulizikuta alama hizo kwenye nasaba za kirusi tangu 2022, katika nchi zilizotumia dawa hiyo. Vikundi vilikuwa vidogo, na hakuna kilichokuja kutawala dunia. Lakini ndiyo sababu dawa hiyo haikatizwi siku ya tatu kwa kuwa homa imeshuka.

Msomaji, Iringa: *Shikamooni. Kaka yangu anaishi na VVU. Kazini wanamwambia watu kama yeye ndio "viwanda" vya aina mpya. Kuna ukweli?*

Marahaba. Maneno ya kazini kwake ni ya kuumiza na yamekosea palipo muhimu. Linalozalisha ni maambukizi yasiyokoma, na sababu yake ni kinga iliyoporomoka, kutokana na lolote: VVU isiyotibiwa, saratani ya damu, dawa za kuzuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa. Mtu mwenye kinga ya kawaida huondoa kirusi ndani ya wiki mbili tatu. Aliyepungukiwa kinga sana anaweza kuishi nacho miezi. Mgonjwa mmoja wa Boston, ambaye hakuwa na VVU bali alikuwa akitumia dawa za kudhoofisha kinga, alibaki nacho siku 154, na taarifa yake ya mwishoni mwa 2020 ilionyesha mwiba wake umepata N501Y na E484K mwilini mwa mtu mmoja.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kinga ipo, lakini dhaifu: inaua virusi vinavyotambulika na kuacha vilivyobadilika kidogo, tena na tena, bila ile njia nyembamba ya kuambukiza mtu mwingine ambayo ingefuta mengi. Makosa yanajikusanya. Omikroni ilipojitokeza Novemba 2021 na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba pekee, bila ndugu wa kati waliojulikana, maelezo haya ndiyo yaliyopewa uzito na wataalamu wengi.

Sasa kaka yako. Akiwa kwenye ARV na wingi wa VVU umefubazwa, kinga yake haiko kwenye kundi hilo. Watafiti wa KwaZulu-Natal walifuatilia watu wenye VVU iliyofika mbali ambao korona iliwang'ang'ania. ARV zilipoanza kufanya kazi, kingamwili zilipanda na korona ikaondoka. Ahakikishe anajua kipimo chake cha mwisho cha wingi wa VVU. Kama CD4, hesabu ya seli za kinga, iko chini ya 200, au amekatiza dawa, aseme hivyo mapema akiugua kifua. Kikohozi na homa vikipita wiki tatu baada ya kupimwa na korona, arudi kliniki apimwe tena. Asihesabu kwamba "imeshaisha siku zake".

Muuguzi, Tanga: *Kirusi kikibadilika, vipimo vyetu bado vinakamata?*

Kipimo cha haraka cha kijiti hutafuta protini N, inayofunga RNA ndani ya kirusi, si mwiba, na mabadiliko mengi makubwa yako kwenye mwiba. Kwa hiyo kikitoka hasi huku mgonjwa ana dalili, usianze kwa kudhani aina mpya. Anza na usufi: ulifika wapi puani, ulizungushwa, matone ya kimiminika yalikuwa idadi iliyoandikwa kwenye boksi? Kisha siku: siku ya kwanza ya dalili virusi huwa bado vichache. Rudia baada ya saa 48.

PCR zinazotumika sana hutafuta maeneo mawili au matatu ya jinomu kwa pamoja kwa sababu hiyohiyo, moja likiteleza mengine yakamate. Na kuteleza kwenyewe kumewahi kuwa habari. Kipimo kimoja kinachosoma jeni za ORF1ab, N na S (ya mwiba) kilikosa S kwa Alfa, kwa sababu ya lile pengo la herufi sita, huku mawili mengine yakitoka chanya. Maabara za Uingereza zikawa zinaihesabu Alfa kwa S inayokosekana, bila kusoma jinomu. Omikroni BA.1 ilikosa vilevile. BA.2 haikuwa na pengo, S ikarudi. BA.4 na BA.5 zikakosa tena. Alama hii ina maana tu kama N na ORF1ab zimetokea mapema, tuseme Ct (idadi ya mizunguko ya PCR kabla kirusi hakijaonekana) chini ya 30. Kwenye Ct ya 36, S kukosekana ni uchache wa virusi, hakuna zaidi.

Mwanafunzi wa maabara, Kisumu: *Kwenye sampuli moja nimeona nusu ya mwanzo inafanana na ukoo mmoja na nusu ya mwisho na mwingine. Nimepata chotara?*

Pengine. Ila mara nyingi ni sampuli mbili zilizochanganyika, na bora ulijue hilo wewe kabla hujamwambia mtu.

Njia ya kawaida ya kusoma kirusi hiki hukikuza kwa vipande vya herufi kama 400, jozi 98 au 99 za praima (vipande vifupi vinavyoanzisha kunakili), katika mirija miwili ili vipande jirani visigongane. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Kila kipande hukuzwa peke yake. Ikiwa kwenye kisima kimoja cha sahani ya maabara mna virusi viwili, kipande hiki kinaweza kutawaliwa na kimoja na kile na kingine, na kompyuta ikakushonea uzi mmoja usiokuwapo katika mwili wa mtu yeyote. Hivyo basi usitazame uzi uliomalizika. Fungua usomaji mbichi. Kwenye kila nafasi inayotofautisha wazazi wawili, angalia kila herufi imesomwa kwa asilimia ngapi. Chotara wa kweli huonyesha herufi moja kwa asilimia 90 na zaidi kila mahali, pande zote za mshono. Ukikuta 60 kwa 40 hapa na 70 kwa 30 pale, una mchanganyiko: ama mgonjwa ana maambukizi mawili, ama kisima cha jirani kimerukia.

Pili, tafuta mapengo. Kipande kisichokuzwa kinapaswa kuandikwa N, yaani herufi isiyojulikana. Kuna programu ambazo, zikiwekwa vibaya, hujaza pengo kwa herufi za Wuhan, na ghafla unaona ukoo wa kisasa una kiraka cha 2020. Weka kizingiti: nafasi yenye usomaji chini ya 20 iwe N. Delta ilikuwa na balaa yake hapa: seti ya praima ya toleo la tatu ilidhoofika kwenye kipande cha 72, na badiliko G142D likawa linakosekana kwenye maelfu ya jinomu zilizokuwa nalo.

Tatu, kisima cha maji. Kama kidhibiti chako kisicho na sampuli kimetoa usomaji unaofunika vipande kadhaa, sahani yote ina walakini. Tazama pia ramani ya sahani: "mzazi wa pili" yuko kisima cha pembeni?

Nne, rudi kwenye usufi. Toa RNA upya kutoka sampuli ya awali, si kutoka bidhaa iliyokwisha kukuzwa, na chagua iliyo na Ct chini ya 30. Kuza kwa seti nyingine ya praima, hasa ya vipande virefu vya herufi 1,200, ili upate usomaji mmoja unaovuka mshono wenyewe ukiwa na alama za mzazi wa kwanza upande mmoja na za wa pili upande mwingine. Kumbuka PCR yenyewe inaweza kushona vipande viwili, hivyo usomaji mmoja au miwili si ushahidi.

Tano, tafuta ndugu. Chotara aliyeambukiza mtu wa pili ataonekana kwa mgonjwa mwingine, mshono ukiwa palepale. Na wazazi wote wawili lazima wawe walikuwapo sehemu moja kwa wakati mmoja. Januari 2022 ilitangazwa "Deltakroni" kutoka Saiprasi. Mabadiliko ya Omikroni yalikuwa yamerundikana kwenye kipande kilekile ambacho praima huteleza kwa Delta, na wataalamu wengi wakahitimisha kuwa ni uchafuzi. Miezi miwili baadaye Ufaransa ikaonyesha chotara halisi wa Delta na Omikroni, XD, kwa wagonjwa kadhaa, mshono uleule. Usikatae kwa sababu ya kisa cha kwanza, wala usikimbilie kwa sababu ya cha pili.

Msomaji, Bujumbura: *Mtu akiugua mafua na korona pamoja, vinaweza kuzaa kirusi kimoja?*

Hapana. Kimeng'enya hudandia uzi wa pili kwa sababu unafanana na ule kilichoacha. RNA ya mafua haifanani kabisa na ya korona, imekatika vipande vinane, na hunakiliwa ndani ya kiini cha seli, wakati korona hunakiliwa nje ya kiini. Mgonjwa ataumwa magonjwa mawili, na anastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, basi.

Msomaji, Voi: *Je, uchotara huu umeanza na UVIKO, au korona ni tabia yake?*

Ni tabia yake, na ushahidi mmoja mzuri uko mapangoni kwenu Kenya. Kuna virusi viwili vya korona vinavyoleta mafua ya kawaida kwa watu, 229E na NL63. Watafiti waliochunguza popo wa Kenya, na kuchapisha 2017, walikuta jamaa wa NL63 kwenye popo wa jenasi ya Triaenops na jamaa wa 229E kwenye popo wa jenasi ya Hipposideros. Walipolinganisha uzi kwa uzi, sehemu kubwa ya NL63 ya binadamu ililingana na ya Triaenops, lakini walipofika jeni ya mwiba mstari ukahama: kipande cha mwiba kilikuwa karibu zaidi na upande wa 229E. Virusi vya popo wa jenasi mbili viliwahi kukutana ndani ya seli moja, kimeng'enya kikadandia, na mshono ukaangukia palepale ulipoangukia wa XBB: kwenye mwiba.